Namba Saba Tuko Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Siamini! Mzee wa bohari anastaafu! Mtu niliyedhani atazikwa na funguo zake kiunoni ametangaza leo asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba mwisho wa mwezi anakwenda kulima. Nilipigwa na butwaa hadi nikaangusha koki ya shaba juu ya mguu wangu mwenyewe.

Kisha Meneja akasimama. Mama yule hacheki wala hapandishi sauti. Akasema nafasi ya mkuu wa bohari iko wazi, na atakayeipata lazima ajue kuendesha bohari kwa kompyuta, maana amechoka kuulizia bomba la nusu inchi na kuambiwa daftari limeliwa na panya. Akaongeza kuwa mkuu mpya atahamia ile nyumba ya kampuni nyuma ya ghala la masinki.

Nyumba! Vyumba vitatu na jiko! Mimi, mke wangu na watoto tunaishi chumba kimoja kwa mama mkwe, na ukuta wa pale ni mwembamba kiasi kwamba nikikohoa, mama mkwe ananipa pole akiwa kitandani kwake. Nampenda. Namheshimu. Lakini ndoa yangu inahitaji ukuta.

Nikamtupia jicho Mwavuli. Huyu ni mwenzangu wa bohari, hubeba mwavuli jua liwake mvua inyeshe, na siku zote anataka kile ninachokitaka. Alikuwa ametulia tuli akimsikiliza Meneja. Utulivu ule ulinitia wasiwasi. Anapanga jambo! Sikungoja. Meneja akiwa bado anaongea, niliinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikapita nyuma ya mabomba, nikatokea mlango wa uani. Mbio hadi chuo cha kompyuta cha jioni, nikajiandikishe kabla yake. Mwavuli na abaki asikilize hotuba hadi mwisho. Mimi ni mtu wa vitendo.

Chuo kilikuwa kimefungwa. Saa tatu asubuhi. Sijui nilitegemea nini kwa chuo cha jioni.

Jumanne, 4 Machi

Mungu wangu, ada! Karani wa chuo alinitajia, nikamuuliza kama hiyo ni bei ya kozi au ya jengo. Hakucheka. Nikakaa bila kukaribishwa.

Nikamwomba anipunguzie. Akasema haiwezekani. Nikamwambia mimi ni mtu mnene kidogo lakini kichwa changu ni chepesi, sitachosha mashine. Akasema wao hawalipishi mtu, wanalipisha kiti. Kila kiti kina kompyuta yake na namba yake. Ukilipia, kiti ni chako kwa wiki tatu, Jumatatu hadi Alhamisi.

Nilikuwa nimeshafika barabarani nikiwa mnyonge kabisa, ndipo nikashtuka na kusimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli akanitukana. Sikumjibu, akili ilikuwa inafanya kazi. Wanalipisha kiti! Basi anayekalia kiti anawahusu nini?

Watu wawili. Kiti kimoja. Nusu kwa nusu. Mimi naenda Jumatatu na Jumatano, mwenzangu Jumanne na Alhamisi, kisha Ijumaa tunakaa nyumbani kila mmoja anamfundisha mwenzake alichokosa. Elimu nzima kwa nusu bei! Inashangaza kwamba dunia nzima haijaliona jambo hili.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata mwenzangu. Shemeji, mdogo wake mke wangu. Kijana ana miaka yake ya kutosha, kazi hana, na kochi la mama mkwe limeshachukua umbo lake. Kutwa nzima anasikiliza mpira redioni, hata mpira wa nchi asizozijua.

Mwanzoni alikataa. Alisema kompyuta zinamuumiza macho. Hapo mama mkwe, ambaye nilidhani yuko jikoni, akatokea nyuma ya pazia. Nusura nianguke! Akasema amesikia kila kitu na nusu ya mwanawe atalipa yeye, kwa furaha, ilimradi kochi lipumzike. Shemeji akamtazama mama yake kama mtu aliyeuzwa.

Mke wangu aliniuliza ikiwa nina hakika na mpango huu. Nikamwambia aanze kukusanya maboksi. Amekusanya. Sufuria kubwa ameshaitia kwenye boksi la kwanza, na usiku wakati wa kula alikuwa anatabasamu peke yake. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu tuhamie hapa. Siwezi kumwangusha.

Jumatatu, 10 Machi

Somo la kwanza! Kiti chetu ni namba saba, karibu na dirisha. Mwalimu ni mama mwenye miwani minene kama kitako cha glasi. Nilikuwa naogopa atakariri sura. Hakariri! Hana habari na majina wala sura, anatazama vioo vya kompyuta tu. Anatuita kwa namba. Tatu, nyoosha mgongo. Saba, acha kubonyeza kwa ngumi.

Hata hivyo sikutaka kubahatisha. Mimi ni mfupi na nina tumbo la heshima, Shemeji ni mrefu kama bomba la mvua. Kwa hiyo nimeamua tuvae shati moja, lile langu la kijani, na kofia yangu ya sufu. Mwalimu akiinua macho ataona kijani na kofia, ataridhika.

Leo nimejifunza kuwasha, kufungua jedwali, kuandika vitu kwenye vyumba vyake, na kuzima. Jedwali ni kama kabati lenye droo nyingi. Nimeelewa yote! Nimeshangaa jinsi nilivyo na kipaji. Nilitembea hadi nyumbani nikibonyeza hewa.

Jumatano, 12 Machi

Nimebaki mdomo wazi. Mwalimu alinijia leo akanipiga bega mbele ya darasa zima. Alisema Saba wa jana alimfurahisha mno. Hajapata mwanafunzi anayeuliza maswali namna ile siku ya pili tu.

Saba wa jana! Shemeji! Yule wa kochini!

Nilishukuru kwa unyenyekevu, maana sifa ni za kiti na nusu ya kiti ni yangu. Kisha akanitazama vizuri, akakunja uso, akasema leo naonekana mfupi. Nikamwambia ni viatu. Jasho jembamba lilinitoka hadi mwisho wa kipindi.

Shida nyingine ni shati. Shemeji alilirudisha jana likiwa na harufu ya mtu aliyefikiri sana, na halikuwahi kukauka. Nimesoma leo nikiwa nimelowa. Tumekubaliana kuanzia sasa aniletee bohari mchana nikiwa kazini. Ataningoja getini. Nikimkuta Mwavuli pale, nitasema huyu ni fundi wangu wa nguo. Mwavuli ataamini tu, hana akili ya njama.

Ila naye ana jambo. Kila alasiri anatoweka na mfuko wa plastiki, na akirudi mikono ina grisi. Leo nilimkuta msalani anasoma kijitabu. Aliponiona akakifunga. Ni kompyuta hiyo, nina hakika!

Ijumaa, 14 Machi

Marudio ya kwanza nyumbani. Sebuleni, mbele ya mama mkwe, mke wangu na watoto. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo nilianza. Nilieleza jinsi ya kuwasha. Nilieleza kwa kina. Nilitumia kibao cha kukatia mboga badala ya kompyuta na punje za maharage badala ya vitufe. Mke wangu alisema nimeeleza vizuri. Nikaeleza tena.

Shemeji alikuwa anakohoa kohoa, anataka zamu yake. Alisema Jumanne walifundishwa jambo la muhimu sana. Nikamwambia atulie, kila jambo na wakati wake. Jamani, niko nyumbani kwa mama mkwe, nina watoto wananitazama, leo nikae chini nifundishwe na mtu ambaye wiki iliyopita nilimwamsha saa sita mchana?

Mama mkwe akainua kidole, akauliza: ukishaandika hayo yote halafu ukazima, yanabaki wapi? Nilicheka hadi nikafuta machozi. Nikamwambia taratibu, kama mtu anavyomwambia mzazi, kwamba Mama, kompyuta si binadamu, haisahau. Akasema haya, mkwe wangu. Shemeji alifungua mdomo. Nikamwangalia. Akaufunga.

Zamu yake haikufika. Usingizi ulitushika sote, na mimi nilikuwa sijamaliza kuzima.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi! Ushindi mkubwa! Hata mimi mwenyewe nimepigwa na mshangao!

Meneja ameleta kompyuta bohari, ili anayejiamini ajaribu. Nilijitokeza kabla hajamaliza sentensi. Nikaketi asubuhi, sikuinuka hadi jioni. Niliingiza kila kitu. Koki za shaba, koki za plastiki, viungo vya kona, viungo vya moja kwa moja, mabomba kwa unene wake, masinki yenye ufa na yasiyo na ufa. Chai ya saa nne ilipoa pembeni, sikuigusa. Vidole vilikufa ganzi. Wenzangu walikuja kusimama nyuma yangu wakinong'ona. Mzee anayestaafu alitikisa kichwa akasema maisha yake yote ameyaandika kwa mkono, na huyu kayamaliza kwa siku moja.

Meneja akaja. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, mbele ya Mwavuli, kwamba hakutegemea. Kesho atamleta mwenye kampuni aone. Mwenye kampuni! Mwavuli alinipa mkono na grisi yake. Nilimwonea huruma.

Kisha nikafunga kila kitu vizuri kama nilivyofundishwa. Mashine ikaniuliza swali kwa lugha ya watu, Kiingereza. Mimi maswali nisiyoyaelewa siyakubali, ndivyo watu wanavyotiwa kwenye mikopo. Nikachagua hapana. Ikazima kwa utiifu.

Nimemwambia mke wangu atie na vikombe kwenye boksi.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwenye kampuni alikuja. Suti. Viatu vinavyong'aa. Meneja akamweleza kazi yangu, nikavuta kiti, nikawasha. Nikafungua jedwali.

Tupu! Nyeupe! Hakuna koki hata moja!

Nilidhani macho yangu. Nikayapangusa. Nikafungua tena. Tupu. Nikaangalia nyuma ya kioo, sijui nilitafuta nini huko, labda mabomba. Mwenye kampuni akauliza kwa upole kama hii ndiyo yote. Meneja akafunga kalamu yake. Angenigombeza ningepona, lakini alifunga kalamu tu! Mzee anayestaafu alirudi kwenye daftari lake lililoliwa na panya, akaanza kuandika.

Mchana Shemeji alikuja getini kuchukua shati kwa zamu yake. Nilimkimbilia nikamweleza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akaniuliza kwani sikuhifadhi? Nikamuuliza kuhifadhi nini? Akasema kazi, lazima uihifadhi kabla ya kuzima, ndilo swali mashine inalouliza. Kuhifadhi kulifundishwa Jumanne. Ndilo lile jambo la muhimu alilotaka kusema Ijumaa, nikamwangalia.

Mama mkwe aliniona nimeinama mlangoni. Akaniuliza kama ile kompyuta imesahau. Nimelala mapema bila kula, na kupitia ukutani nikasikia pole.

Jumatano, 19 Machi

Balaa juu ya balaa. Mwalimu aliniita mbele ya darasa. Alisema jana Saba aliandika kanuni nzuri ya kujumlisha na kutoa ambayo hakumfundisha mtu yeyote, aliigundua mwenyewe, na sasa angependa wenzake waione. Akanipa kalamu ya ubao.

Nilisimama pale na kalamu. Nikaandika alama ya kujumlisha. Ilikuwa nzuri. Nikaandika ya kutoa. Baada ya hapo sikuwa na la kuongeza.

Mwalimu akavua miwani. Akaniuliza taratibu kama nina matatizo nyumbani. Alisema Jumanne na Alhamisi mimi ni moto, Jumatatu na Jumatano ninakuwa kama mtu aliyepigwa na kitu. Akaniuliza kama nakunywa. Mimi! Nikasema ni dawa za kifua. Darasa lilinionea huruma, na namba tisa alinipa pipi.

Nimefikiri njia nzima. Tatizo si mpango. Mpango uko sawa. Tatizo ni kwamba Shemeji kwa bahati ameangukia siku nzuri, na mimi nimepewa siku mbovu.

Alhamisi, 27 Machi

Leo ulikuwa mtihani. Alhamisi ni zamu ya Shemeji, lakini anayetaka nyumba ni mimi! Nilimwambia jana kwamba mtihani nafanya mimi, yeye abaki nyumbani na redio yake. Akasema sawa, shemeji. Kwa upole kabisa. Nikapumua.

Shati la kijani sikuliona mahali. Nikadhani limefuliwa. Nikavaa jeupe, nikatia kofia, nikaenda.

Nafungua mlango wa darasa. Kwenye kiti namba saba amekaa Shemeji! Na shati langu!

Nilisimama mlangoni roho mkononi. Mwalimu, bila kuinua macho, akasema Saba amechelewa, aingie akae. Shemeji akasema Saba yupo. Nami, sijui nini kilinisukuma, nikasema Saba yupo.

Mwalimu akainua macho. Akavaa miwani. Akamtazama mrefu, akanitazama mfupi. Ilimchukua muda. Kisha akasema "Aaa", kama mtu aliyekuwa na kijiwe kwenye kiatu na sasa amekiona.

Nikajua tumekwisha. Nikaanza kumweleza kwamba karani mwenyewe alisema wanalipisha kiti. Alinisikiliza hadi mwisho, akakubali kuwa kweli kiti kimelipiwa na hawezi kukifukuza. Ila kiti kimoja kina mtihani mmoja na cheti kimoja, na jina litakaloandikwa ni la aliyeufanya. Basi atatuuliza swali, atakayejibu abaki. Akauliza: nina koki mia, nimeuza kadhaa, nawezaje kuifanya mashine iniambie zilizobaki bila kuhesabu?

Swali la koki! Langu hilo! Nikasema unakwenda rafuni ukaangalie.

Darasa lilicheka hadi namba tano akaanguka na kiti chake. Shemeji alijibu kwa sauti ndogo, akiangalia chini. Aliniomba radhi kwa macho. Nilisubiri nje kwenye benchi hadi alipomaliza, kwa sababu shati ni langu.

Njiani nilimuuliza kwa nini alikuja wakati tulikubaliana. Alisema alijaribu kukaa, lakini mpira wa redioni haukumwingia. Akasema kile kiti ndicho kitu cha kwanza maishani alichokikosa akakitamani. Nikamnyooshea kola ya shati langu. Tukatembea.

Ijumaa, 28 Machi

Mapigo mengine! Moyo wangu ni wa chuma vinginevyo ungepasuka.

Leo nilimbana Mwavuli nyuma ya masinki. Nilimwambia ajisikie huru, aseme tu kwamba kozi ya kompyuta amemaliza na nyumba anaitaka. Alinishangaa. Alisema kompyuta haipendi na nyumba anayo. Yeye amejifunza kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo yenye meno mawili mbele. Kumbe ndiyo grisi! Ndicho kijitabu! Anaanza kuiendesha wiki ijayo na mshahara umepanda.

Nilimuuliza ada alitoa wapi. Akasema, kwani mimi sikumsikia Meneja? Kampuni inalipa.

Nikamwomba arudie.

Akarudia. Kampuni inamlipia ada yote mfanyakazi yeyote anayejiandikisha kusoma ufundi wowote wa kazi hapa. Meneja alitangaza siku ile ile ya mzee kustaafu, mwishoni mwa mkutano. Kila mtu alipiga makofi. Mwavuli alinitafuta ili tushangilie pamoja, akaona nimeshaondoka.

Nilikaa juu ya sinki lenye ufa. Nimehangaika wiki tatu kulipa nusu ya kitu cha bure!

Na bado. Mwavuli aliendelea, bila ubaya wowote, kwamba Meneja alisema pia nafasi ya mkuu wa bohari iko wazi hata kwa watu wa nje, na mwenye ndugu anayejua kompyuta amlete. Ndiyo maana alimweleza yule fundi wangu wa nguo pale getini. Walipoongea aligundua kijana anaijua kompyuta vizuri sana, tena kwa fundi wa nguo! Amemshauri aombe. Ameshaomba.

Jumatatu, 31 Machi

Usaili. Benchi moja, waombaji wawili. Mimi na Shemeji. Mama mkwe alituombea wote wawili asubuhi, ila nilimsikia kupitia ukutani, mmoja alimwombea kwa muda mrefu zaidi.

Niliingia kwanza. Niliwasha vizuri sana. Niliandika koki kwa kasi iliyomfanya Meneja ainue nyusi. Na nilihifadhi! Nilihifadhi kila mstari, hata nilipokuwa sijaandika kitu nilihifadhi. Meneja akaniuliza zimebaki koki ngapi. Nikaanza kuzihesabu kwenye kioo kwa kidole. Nikapotea njia. Nikaanza tena.

Meneja akasema asante.

Shemeji aliingia, hakukaa sana. Kupitia mlango nilisikia sauti ngeni kabisa. Meneja alikuwa anacheka.

Jumatano, 2 Aprili

Shemeji ndiye mkuu wa bohari.

Naandika tena ili niamini. Shemeji! Wa kochini! Ndiye mkuu wangu wa bohari!

Mama mkwe alipiga ukelele wa furaha hadi jirani akaja na ndoo ya maji akidhani ni moto. Shemeji alinipa mkono na machozi machoni, akasema bila mimi asingetoka kwenye kochi lile. Nikasema si kitu.

Mke wangu alimkumbatia mdogo wake. Kisha akaingia chumbani. Nilimkuta amekaa sakafuni anatoa sufuria kubwa kwenye boksi. Vikombe alikuwa ameshavitoa. Nikamwambia nina aibu. Ni kweli nilikuwa nayo, imenijaa hadi kifuani. Alinipa karatasi za kufungia vikombe nizikunje. Akasema tusizitupe, huenda tukazihitaji. Akainama upesi juu ya boksi nisione uso wake. Tulizikunja wote.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya kwanza chini ya Shemeji. Amehamia nyumba ya kampuni, na kile chumba chake tumepewa sisi kiwe cha watoto. Kwa hiyo sasa tuna vyumba viwili. Kochi limebaki na umbo lake na hakuna anayethubutu kulikalia.

Kazini ananiita shemeji mbele ya watu, kwa heshima zote, halafu ananiomba nikahesabu masinki. Leo aliniita pembeni. Alisema kampuni bado inalipia masomo, na nikitaka kusoma chochote, kozi nzima, mwanzo hadi mwisho, niseme tu. Ombi linapitia kwake, atalipitisha siku hiyo hiyo.

Ombi linapitia kwake! Yaani niende kwa mtu niliyemfundisha kuwasha, nikiwa nimekunja mikono, nimwombe ada? Bora nile kofia yangu! Nilimshukuru nikamwambia nina mipango yangu.

Na ninayo! Nimewaza usiku kucha. Kosa langu nimelijua: nilichagua mwenzangu kijana. Vijana wana tamaa. Safari hii nimechukua mtu mzima, mtulivu, ambaye hana haja ya kazi ya mtu. Mwavuli ameniambia bohari litahitaji dereva wa pili wa foklifti, na mshahara wake unatosha kupanga nyumba yenye kuta nene. Nikakimbia hadi chuo cha madereva wa mitambo. Ada karibu iniangushe. Lakini nao pia wanalipisha kiti!

Mama mkwe amekubali. Kwa kweli alikubali kabla sijamaliza kueleza, na ameshanunua buti. Aliuliza maswali mengi sana, kama vile mzigo ukizidi meno yanafanyaje, na mkuu wa bohari mpya anaajiri lini. Nilimwambia asijisumbue na mambo ya ndani. Tunaanza wiki ijayo. Nusu kwa nusu.

Mimi nachukua Jumatatu na Jumatano, kama kawaida. Nimeshaona ratiba: kuwasha, kuondoka, kukata kona, kuongeza mwendo. Nitakuwa moto! Breki zinafundishwa Jumanne. Mama mkwe atanieleza.